Mwenye Kazi Yake Anatafuta Nini Mlimani?

Hotuba niliyotoa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha akiba na mikopo, hapa Mombasa. Wengi wenu mlikuwa zamu siku ile mkaniomba niiandike. Nimeiacha kama ilivyosemwa, pamoja na maneno ya pembeni.

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, mama zangu, na nyinyi vijana mliojazana nyuma karibu na mlango ili mpate kutoroka mapema: assalaam aleykum, na hamjambo nyote.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Dada, njoo utuzungumzie mambo yako ya milima." Nikamwuliza, kwenye mkutano wa mikopo? Akacheka, akasema watu wamechoka kusikia habari za riba. Basi kwangu leo riba hamtaisikia.

Wengi mnanijua. Mimi ni karani wa kuondosha mizigo bandarini. Siku zangu ni manifesti, makaratasi ya forodha, na simu za mwenye mzigo anayetaka kujua kontena lake limekwama wapi. Mwanariadha sikuwa. Shuleni nilikuwa yule wa kushikilia viatu vya wenzake wakikimbia. Na tangu niingie katika mambo haya, ya kupanda milima na kuogelea masafa, swali ninaloulizwa ni moja tu. Jirani ameniuliza. Dereva wa tuk-tuk ameniuliza. Shangazi yangu ameniuliza arusini, mbele ya sinia la biriani, watu wote wakisikia: "Kwani wanakulipa shilingi ngapi?"

Hawanilipi. Mimi ndiye ninayelipa.

"Sasa mwenye kazi yako watafuta nini huko?"

Ni swali la haki. Sisi ni nchi ya wakimbiaji, lakini kukimbia tumewaachia watu wa Iten na Eldoret. Eliud Kipchoge alipomaliza marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna, Oktoba 2019, tulisimama sebuleni tukapiga makofi, na alistahili. Lakini siku ile Kipchoge alikuwa kazini. Mimi nataka kumzungumzia mtu ambaye Jumatatu anarudi mezani kwake, na bosi hamwulizi alifika wapi wala aligeukia wapi.

Na nitasema jambo moja leo, nitalirudia mpaka mchoke nalo: usiache kazi. Ukisikia hamu ya kufanya jambo kubwa la mwili, la kutisha kidogo, lifanye, lakini usiache kazi. Nitaeleza kwa nini.

Nianze na wafungwa watatu. Mwaka 1943 hapa hapa Kenya, Nanyuki, palikuwa na kambi ya wafungwa wa vita, Wataliano waliotekwa na Waingereza kule Ethiopia. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alikuwa ofisa wa serikali. Kutoka kambini alikuwa akiuona Mlima Kenya, mawingu yakifunguka. Mlima ule una mita 5,199. Benuzzi akaona ule uvivu wa kambini utamuua kabla ya risasi. Akawashawishi wenzake wawili, Giovanni Balletto aliyekuwa daktari, na Vincenzo Barsotti. Wakaanza kuweka akiba ya chakula. Kamba wakazipata kwenye nyavu za vitanda. Vyuma vya kuvaa miguuni kwenye barafu wakavifua kwa vipande vya takataka. Picha yao ya upande wa pili wa mlima ilikuwa ile iliyochapwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Hiyo ndiyo ramani yao, jamani! Mkebe wa nyama!

Januari wakatoroka. Njiani Barsotti akaugua, akabaki kambi ya chini. Wawili wakajaribu kilele cha Batian, kirefu kuliko vyote vya mlima ule, dhoruba ikawashinda wakarudi. Wakapanda Lenana, kilele kifupi zaidi cha mlima ule ule, mita 4,985, wakaacha bendera yao pale. Halafu wakafanya nini? Wakashuka, wakarudi kambini, wakajikabidhi kwa mkuu wa kambi. Adhabu yao ilikuwa siku 28 za kufungiwa peke yao, ikapunguzwa ikawa siku 7, kwa kuwa mkuu yule aliiheshimu juhudi yao ya kimichezo.

Sasa nawauliza nyinyi wa hesabu: walipata faida gani? Hawakupata uhuru, wala pesa, wala hata kilele walichokikusudia.

Nami nawajibu kwa kutazama siku zangu. Kazi yetu sote hapa imejaa tabu tulizopangiwa. Mfumo umelala, unangoja. Meli imechelewa kufunga gati, unangoja. Sahihi moja imekosekana na mwenye sahihi yuko Nairobi, unangoja. Mtu anaweza kufika miaka hamsini kila tabu aliyoipata akiwa ameletewa na mwingine. Benuzzi na wenzake walijichagulia tabu ya kwao wenyewe, wakaifuata mpaka mwisho, kisha wakarudi kwenye tabu ya kupangiwa wakiwa watu wengine. Hilo silisomi kwenye hadithi tu. Mimi nikitoka mlimani, ile simu ya "kontena langu liko wapi" haipandishi presha yangu kama zamani.

Na nimetaja presha, basi niipitie haraka, maana sikuja kuwatisha. Katika miaka ya hamsini daktari mmoja Mwingereza, Jerry Morris, aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kutwa. Makondakta walipanda na kushuka ngazi kutwa. Walikuwa watu wa kampuni moja na mji mmoja, lakini madereva ndio waliopatwa zaidi na magonjwa ya moyo. Wapinzani wakasema pengine wanene ndio wanaochagua kuwa madereva, na kweli ilipopimwa, suruali za kazi za madereva zilikuwa pana kiunoni tangu mwanzo. Kwa hiyo elimu si nyepesi hivyo. Hata hivyo, tazama ukumbi huu. Zamani tulikuwa na madereva na makanga. Sasa sote ni madereva. Na kitambi tumekipa jina la heshima, tukamaliza mjadala.

Mtu ataniambia, "Dada, basi si nitembee tu jioni? Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 kwa wiki zatosha." Ni kweli, linasema 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Tembea. Lakini niambie kweli, ni nani hapa hajawahi kuanza kutembea jioni? Nyanyueni mikono. Na ni nani bado anatembea? Hamna haja ya kuinua, nawajua. Matembezi yasiyo na mwisho wake hufa wiki ya tatu, siku mvua inaponyesha. Tarehe iliyoandikwa ukutani, na ada ambayo umeshalipa haitarudi, hizo ndizo zinazokutoa kitandani.

Haya. Tuseme umeandika tarehe, na umeandika Kilimanjaro. Mita 5,895. Wewe unakaa Kisauni, mita chache juu ya bahari. Utajizoeza wapi?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokufa moyo. Kwanza, saa. Mombasa si mji wa kujizoeza saa nne. Jasho letu halikauki, hewa imeshajaa maji, kwa hiyo mwili haupoi hata ukilowa chapachapa. Ukitoka, toka baada ya swala ya alfajiri, na jua likishapanda uwe nyumbani. Ramadhani, mimi hutembea taratibu ile saa ya mwisho kabla ya adhana ya magharibi, na siku nyingine usiku baada ya tarawehe. Sijapungukiwa kitu.

Pili, mwinuko. Kisiwa hiki hakina mlima, lakini kina ngazi. Jengo letu la ofisi lina ghorofa za kutosha, na lifti yake huharibika mara nyingi, alhamdulillahi. Nilikuwa nikipanda na begi la mgongoni lenye chupa za maji, nikifika juu nazimwaga, maana kinachoumiza magoti ni uzito wakati wa kushuka. Mlinzi alidhani naiba maji ya ofisi. Ngazi zikikuchosha kwa uchovu wa akili, nenda Rabai, kuna vilima. Kisha nenda Shimba Hills. Kisha panda gari mpaka Voi, Mwatate, Wundanyi, ukalale kwa Wataita kwenye baridi yao, asubuhi upande kilele chao cha Vuria. Vuria ina mita 2,208. Ukitoka pale huku unacheka, unaanza kuzungumza habari za Kilimanjaro. Ukitoka unalia, panda tena mwezi ujao. Barabara ya Mwatate hiyo hiyo ndiyo inayokwenda Taveta, na Taveta asubuhi kukiwa kweupe unauona mlima wenyewe.

Lakini jueni jambo hili: mapafu hayajizoezi kimo kwa kukaa pwani. Kileleni Kilimanjaro kila pumzi inakupa karibu nusu ya oksijeni unayopata hapa. Uwe mkimbiaji, uwe mcheza mpira, mwili unahitaji siku kadhaa huko huko juu ili uzoee, na hakuna njia ya mkato. Ndiyo maana waongozaji wa kule kutwa wanaimba neno moja, pole pole, pole pole.

Katika kundi letu la Kilimanjaro alikuwamo kijana mmoja, fundi wa mitambo, kifua hiki, mikono hii, kila jioni yuko jimu. Na alikuwamo mwalimu aliyebakisha muda mfupi kustaafu, mama wa wajukuu, mwendo wake wa kuburuza. Tulimhurumia yule mama siku ya kwanza. Usiku wa kilele tunaondoka saa sita, giza, maji kwenye chupa yanaganda, kijana alianza kushika kichwa. Akatapika. Mwongozaji akamwuliza maswali mawili matatu, akamwangalia anavyoweka miguu, akasema, "Wewe unashuka." Hakubembelezwa. Kichwa kinachouma na mwendo wa kuyumba huko juu si uchovu, ni ubongo unavimba, na dawa yake ya kwanza ni kushuka. Saa chache baadaye yule kijana alikuwa chini anakunywa chai, mzima kabisa. Yule mama wa wajukuu alifika Uhuru, kileleni kabisa, akiwa wa mwisho, na akataka apigwe picha na mkoba wake.

Kijana alilia? Alilia. Na Jumatatu ile alikwenda wapi? Kazini. Mshahara wake ukaingia mwisho wa mwezi kama kawaida. Mnaona sasa kwa nini nasema usiache kazi? Kazi yako ndiyo inayokupa ruhusa ya kugeuka. Ambaye hana kingine ila kilele, atageukaje?

(Na hapa niseme neno la pembeni. Tunasema "nimepanda mlima", huku hema letu, chakula chetu na hata choo chetu vimebebwa na vijana wapagazi, vichwani. Kwa sisi ni hamu. Kwa wao ni kibarua. Mkienda, walipeni vizuri, na msimwite mtu mzima "boi".)

Sasa nimfikie nahodha, maana huu ni mji wa manahodha. Matthew Webb alikuwa Mwingereza, nahodha wa meli za biashara. Alisoma habari za mtu aliyejaribu kuvuka kwa kuogelea mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa akashindwa. Pale penye wembamba zaidi ni kama kilomita 33, na maji yake ni baridi ambayo sisi wa huku hatuijui. Webb akaacha unahodha, akaanza mazoezi. Agosti 1875 akajaribu, upepo ukamtoa. Hazikupita wiki mbili akaingia tena kutoka Dover, amejipaka mafuta ya pomboo. Konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, wakamchoma. Karibu na Ufaransa mikondo ikamzuia kwa saa tano, pwani anaiona na hafiki. Alifika nchi kavu Calais baada ya saa 21 na dakika 45. Mtu wa kwanza kuvuka bila chombo chochote.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Webb alikwisha kuacha kazi. Kuogelea kukawa ndiko ulaji wake: maonyesho, mashindano ya kamari, kuelea ndani ya tangi la maji siku nzima watu wakilipa kiingilio. Pesa zikapungua, mwili ukachoka, ana mke na watoto wawili. Julai 1883 akaenda Niagara, kule Marekani, kuogelea kwenye maporomoko ya mto chini ya yale maanguko makubwa, kwa sababu ya pesa. Mto ukamchukua.

Usiache kazi.

Najua kuna mtu amekunja uso, na nadhani najua anafikiria nini. Mei 2024 Mkenya mwenzetu Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki, mtu mwenye mshahara wake kama mimi na wewe, alikwenda Everest akitaka kufika kileleni bila oksijeni ya chupa. Alifariki karibu kabisa na kilele. Mwongozaji wake Mnepali, Nawang Sherpa, naye hakurudi. Hapa hoja yangu inagonga mwamba, na sitajifanya haijagonga. Kirui hakuwa na njaa iliyomsukuma. Alijua alichokichagua, alijiandaa, mwaka uliotangulia alikuwa ameshapanda mlima Manaslu kule Nepal, mita 8,163, bila oksijeni ya chupa vile vile. Mimi si wa kumhukumu, na wanaomhukumu mitandaoni wengi wao hawajapanda hata ghorofa ya tatu. Miaka miwili kabla yake, Mei 2022, James Kagambi alifika kilele kile kile akiwa na umri wa miaka 62, Mkenya wa kwanza. Yeye alianzia darasani, mwalimu wa shule, milima ikawa kazi yake baadaye. Kwa hiyo hesabu hizi hazitoki sawasawa.

Ninachokifanya mimi ni hiki. Saa ya kugeuka naiandika nikiwa huku chini, pwani, kichwa kikiwa na hewa yake. Karatasi moja nampa mwongozaji, nyingine naiacha nyumbani. Ikifika saa hiyo sijafika, nageuka, hata kilele kiwe mbele ya pua. Huko juu siamini akili yangu, maana hiyo ndiyo ya kwanza kulewa.

Mama zangu, sijawasahau. Mlima ni ghali, na safari ni ndefu, na kuna mkwe atakayesema maneno. Lakini bahari iko hapa. Ni aibu, nasema wazi, ni aibu mtu kuzaliwa kisiwani na asijue kuogelea, na tuko wengi mno. Aprili 1994 feri ilipopinduka Mtongwe tulipoteza watu 272. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote, kwenye msongamano ule hata samaki angekufa. Ila tangu siku hiyo kuna nyumba hapa ambazo watoto hukatazwa kabisa kukaribia maji, na makatazo hayo ndiyo yanayozaa kizazi kingine kisichojua.

Tulianza wachache, alfajiri, ndani ya mwamba upande wa Nyali, nguo za kuogelea za kufunika mwili mzima, leso zetu juu ya mchanga, na mzee mmoja mvuvi akiwa na mtumbwi wake karibu. Yeye ndiye aliyetufundisha kalenda. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kuna bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu na mikondo ina nguvu, kwa hiyo anayejifunza asubiri maji mafu. Kaskazi ikivuma kwa upole bahari inakubali mgeni. Kusi ikichachamaa, rudini kwenye ngazi za ofisi. Na mlango wa Likoni msiufikirie kabisa, meli kubwa haina breki.

Wako sasa akina mama miongoni mwetu wanaoweza kwenda kilomita nzima wakifuata mwamba. Mmoja ni muuza mahamri. Anamaliza kuogelea, anakwenda kuwasha jiko lake, na wateja hawajui kwa nini mkono wake wa kukanda unga umekuwa vile.

Basi. Wenye nia, mambo ni machache. Nenda hospitali upimwe presha na sukari kabla ya kitu chochote, hasa ukiwa umevuka arobaini. Zungumza nyumbani kabla hujalipa, usije ukaelezea risiti. Kundi la kwanza linalenga Vuria, halafu Lenana, na Mweka Hazina amekubali tuweke kidogo kidogo kila mwezi mpaka ada itimie, badala ya mtu kukopa. Kukopa kwa ajili ya mlima nimekataa, na yeye kwa mara ya kwanza tumekubaliana.

Jumamosi tunatembea kutoka Mama Ngina, tupite Fort Jesus na Mji wa Kale, tuvuke daraja la Nyali na kurudi. Tunaondoka mara tu baada ya alfajiri, na hatungoji mtu, hata Mwenyekiti. Naona ameshanionyesha saa mara ya pili, na hesabu za mwaka hazijasomwa. Karatasi ya majina iko kwa Mweka Hazina, upande wa kushoto wa mlango. Nyinyi wa nyuma mtaipita mkitoroka.